Fuso, Kabichi na Saa ya Magharibi

Jumatatu, 18 Novemba

Bosi Brian kaniita kabla sijavua hata koti la mvua. Mwaka unaisha, anasema, kipindi chako cha jioni kizungumzie ajali. Nikamwambia kipindi changu ni cha salamu, muziki na utabiri wa mvua ambao hauaminiki. Ajali inaingiaje hapo? Akasema wachekeshe hivyo hivyo, ila wafike nyumbani wazima. Haya, bosi!

Basi swali la wiki: ajali za magari huwa nyingi saa ngapi, na mwezi gani? Nilijua hapigi mtu. Lo! Simu zilishikana. Mama mmoja wa Kihonda: saa nane mchana, madereva wameshiba ugali wanasinzia. Kijana: siku ya mechi kubwa, aliyefungwa anaendesha kwa hasira, aliyeshinda anaendesha kwa furaha, wote wazimu. Mzee wa Ngerengere akasema saa mbaya ni ile treni inapopita, maana treni haijawahi kufuata gari nyumbani kwake, gari ndilo linaloifuata treni. Nikashindwa hata kutangaza wimbo.

Abasi alikuwa Mgeta anapakia kabichi, redio ya lori lake la Fuso iko wazi. Akanitumia ujumbe: saa mbaya ni saa ya mke kuuliza uko wapi. Nimecheka peke yangu barabarani, watu wananitazama. Ndiye huyo mume niliyempata.

Jumanne, 19 Novemba

Simu bado zinaita. Nusu ya mji wanasema Desemba, nusu wanasema masika. Mmoja kasema saa ya magharibi mashetani huwa njiani, magari yanayagonga. Bi Yustina, jirani yetu, kanisubiri mlangoni kwake kunirekebisha: mashetani ya Morogoro yote ni ya Kiluguru, mavivu, yamelala mlimani. Shikamoo yangu hakuitikia, akadai kwanza nimletee machungwa. Mtani bwana!

Jumatano, 20 Novemba

Mvua. Umeme umekatika mara tatu. Sina la kuandika.

Alhamisi, 21 Novemba

Leo tumemleta studio Afande Jesca wa usalama barabarani. Mwembamba, sauti nzito, kacheka kuliko nilivyotegemea. Nikamsomea majibu ya wasikilizaji, yale ya treni akayapigia makofi.

Kisha akasema anavyoona yeye katika kazi yake. Saa mbaya kuliko zote ni lile gizagiza la jioni, jua likizama, mpaka watu wamalize kula. Jicho halijazoea giza. Wengine wamewasha taa, wengine bado wanaona aibu kuwasha. Waenda kwa miguu kibao, baiskeli hazina taa, na kila mtu ana haraka ya kufika kwake. Wikiendi kuliko siku za kazi. Na Desemba — hapo akaacha kucheka — Desemba mvua, safari, sherehe, na wageni wasioijua barabara, vyote kwa pamoja.

Nikamuuliza kuhusu mlimani. Kona za Mgeta, ukungu, makorongo! Akasema huko ajali zipo, ila kule watu wanaogopa, wanakwenda polepole. Lami iliyonyooka ndiyo inayodanganya.

Fundi mitambo akanipungia mkono nikiwa nimekodoa macho. Kwa sababu nilikuwa napiga hesabu. Abasi anamaliza kupakia Mgeta saa kumi jioni. Anashuka mlima taratibu, anapita mjini, na anaingia njia ya Chalinze kwenda Dar — magharibi hasa. Safari tatu kwa wiki. Miaka yote ya ndoa nimekuwa nikizisomea dua kona za Mgeta. Kumbe dua ilikuwa kwenye barabara nyingine!

Na Said, rafiki yake, aligongwa wapi Desemba iliyopita? Njia ya Chalinze. Saa ngapi? Alikuwa anatafuta mahali pa kuswali magharibi. Mpaka leo anatembea na gongo, na bado anatania kwamba gongo lake halinywi dizeli. Mimi sikucheka leo nilipolikumbuka. Naogopa, basi. Naliandika hapa kwa sababu kwa mdomo sitalisema.

Ijumaa, 22 Novemba

Abasi karudi, kala, kalala, kaamka, kala tena. Nilipoona tumbo limetulia nikaanza. Baba Asia, kwa nini usiondoke Mgeta asubuhi? Saa nne, ukungu ushaondoka, unaingia Dar jua likiwapo, unalala sokoni, alfajiri unauza.

Akacheka mpaka chai ikampalia. Kabichi zinachumwa asubuhi, kasema. Zinateremshwa kichwani kwenye vile vijia vya mlima, mwenye gunia moja, mwenye mawili. Mpaka zijae Fuso ni saa kumi. Mimi ndiye nitaamka na kuamuru mlima mzima uchume usiku?

Si wachume jana yake, nikasema. Mgeta baridi, kabichi haiozi kwa usiku mmoja. Akaniambia nikamwambie hivyo Mzee Benedikto, yule anayekusanya mzigo wa wakulima pale barabarani. Kabichi iliyolala, Benedikto haipakii. Baba yake hakuipakia, naye haipakii.

Halafu nikajua sababu ya pili. Saa saba mchana Benedikto huwa anamkaribisha Abasi ugali na maharage mabichi yaliyoungwa nazi. Akiondoka saa nne, maharage nani atakula? Hilo hakulisema, lakini niliona uso wake nilipotaja saa nne.

Jumatatu, 25 Novemba

Nimeharibu. Lakini nimeharibu vizuri.

Kwenye kipindi nikasema: nina dereva mmoja ninamfahamu, hodari, hanywi, havuti, lakini kila safari anaingia njia ya Chalinze saa ya magharibi kwa sababu ya sahani ya maharage. Sikumtaja jina. Niliona nimetumia akili sana.

Simu ya kwanza: dada Zuleha, huyo si Abasi wa Fuso ya bluu? Ya pili: msalimie Abasi, mwambie maharage hata mjini yapo! Ya tatu alikuwa mama wa Mgeta mwenyewe, ile sauti yetu ya mlimani inayopanda na kushuka kama njia zake, akasema ni kweli kabisa, na huwa anaongeza sahani. Mpaka naaga, mji mzima unamjua mume wangu kwa maharage.

Yeye alikuwa Mgeta. Redio ya gari iko wazi. Wapakiaji wote wanasikia.

Jumanne, 26 Novemba

Abasi haongei. Anajibu «ndiyo» na «hapana» na «mwulize Asia». Asia, binti yetu, ana miaka sita, kachoka kutumwa.

Alhamisi, 28 Novemba

Bado kanuna. Jana usiku nimepika maharage ya nazi kama suluhu. Kaondoka mezani! Nilidhani ni mzaha mzuri, kumbe nimemkosea. Jioni kaingia tena njia ya Chalinze saa ile ile, makusudi, na kanitumia ujumbe wa neno moja: Chalinze. Nimekaa na simu mkononi mpaka alipofika. Hasira zangu na woga wangu sikujua kipi ni kipi.

Jumapili, 1 Desemba

Leo! Niandike kwa mpangilio.

Bi Yustina kaja baada ya misa, bado kavaa kitenge cha kanisani. Yeye Mnyamwezi wa Tabora, alikuja hapa na mumewe wa reli miaka ile, mume kafariki, yeye kabaki. Sisi Waluguru ni watani zake, na anautumia utani huo kuliko anavyotumia chumvi. Kuku wetu wa Idi kamchukua mkononi mwa mchinjaji. Msiba wa baba mkwe, alilala kwenye njia ya jeneza hasimami mpaka apewe chake, na watu waliokuwa wanalia wakacheka. Mtani akichukua, hukasiriki. Unakomboa. Ukikasirika umejiaibisha wewe na ukoo wako.

Kakaa, kanywa chai, akamtazama Abasi. Mluguru, mbona umevimba? Umemeza kabichi zima?

Abasi akalazimika kutabasamu. Akasema bora sisi wa kabichi kuliko nyie mliobeba mizigo ya watu mpaka pwani mkasahau njia ya kurudi.

Tulisahau kwa sababu tulikuta watumwa wa kutupikia, akajibu. Akasimama, akaaga, akapita karibu na msumari wa mlangoni ambapo Abasi hutundika ufunguo wa Fuso. Alipofika uani ndipo tukasikia unalia mkononi mwake. Chli, chli.

Mtani! Abasi kaita.

Nimechukua, akasema.

Hasira ilipanda mpaka masikioni, niliiona. Halafu ikashuka, maana ingekwenda wapi? Akauliza kwa sauti ya mtu aliyekwishashindwa: unataka nini? Kuku? Kitenge?

Bi Yustina akasema kuku anaye, vitenge anavyo, kilichobaki ni watani, na watani wake wanapungua. Mwaka jana nusura Said aondoke. Nikiwazika nyote, nitamtukana nani? Ukombozi wangu ni huu: Desemba nzima, Fuso iondoke Mgeta saa nne asubuhi. Ukikubali, kesho njoo uchukue. Hukubali, nitautumia ufunguo huu kukoroga uji.

Naapa sikumtuma. Aliisikia redioni kama watu wote. Lakini nilikwenda jikoni nikafunika uso na kanga nikacheka, halafu nikalia kidogo, halafu nikacheka tena.

Jumatatu, 2 Desemba

Abasi hakwenda Mgeta. Alikwenda kwa Bi Yustina mara tatu na kurudi mara tatu. Ya kwanza alitoa sababu. Ya pili alipeleka machungwa. Machungwa yalipokelewa, ufunguo haukutoka. Ya tatu nilimfuata kwa nyuma. Kasimama mlangoni, kavua kofia, kasema: Desemba nzima, mtani. Saa nne.

Apa kwa mlima, akasema Bi Yustina.

Akaapa kwa mlima. Ufunguo ukarudi, una harufu ya uji kweli.

Tulivyokuwa tunarudi kanishika mkono njiani, kitu ambacho hakifanyi mchana. Kasema wewe na redio yako. Nikasema nisamehe kwa maharage. Akasema maharage nimekwisha samehe, ila yule mama aliyesema naongeza sahani, huyo bado.

Jumatano, 4 Desemba

Safari ya kwanza ya saa nne. Aibu tupu! Fuso imeshuka nusu tupu. Mzee Benedikto hakuamini mpaka alipoona tairi zinazunguka. Wakulima walikuwa bado wako juu vijiani na magunia kichwani, wanapiga kelele ngoja, ngoja! Abasi anasema kaona kupitia kioo mama mmoja kaweka gunia chini, kashika kiuno, anamtazama tu. Hilo limemuuma.

Abasi kaegesha barabara kuu nimletee chai, Benedikto kapiga simu. Nimemsikia mpaka nilipokuwa nimekaa: Kabichi halina saa! Abasi kamwambia ni utani, Mzee wangu, mtani kanishika. Halafu sauti ikashuka. Mtani gani? Mnyamwezi. Aaa, kasema Benedikto. Kama ni Mnyamwezi, utafanyaje.

Jumamosi, 7 Desemba

Imejaa! Gunia la mwisho lilipakiwa saa tatu na ushei, ukungu unainuka. Wakulima wamechuma jana mchana, wameteremsha jioni, na kwa sababu mzigo hauwezi kuachwa peke yake, vijana na kina mama wamekesha nao chini ya turubai, moto, mahindi ya kuchoma, nyimbo. Benedikto mwenyewe katoka na blanketi, eti kuhakikisha kabichi hazinyauki. Alfajiri kazigusa moja moja, kazipigia kucha, hakupata kosa. Basi kanuna kwa kukosa kosa.

Abasi siku hizi anapanda jioni ya kuamkia safari, analala kwa Benedikto. Maharage anakula usiku. Hakuna aliyepoteza kitu!

Kafika Dar jua lingalipo. Kanipigia, nyuma yake kelele za soko, akasema anakunywa kahawa na hajui afanye nini na mikono yake. Miaka kumi na mbili anaendesha Fuso, hajawahi kuliona jua likizama akiwa amekaa bila usukani. Nikamwuliza likoje. Akasema jekundu, kubwa, na linazama haraka kuliko alivyodhani.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Nimemweleza Afande Jesca habari za ufunguo kwa simu. Kacheka, kasema laiti kila barabara ingekuwa na Mnyamwezi mmoja.

Jumanne, 10 Desemba

Nimepatikana mimi.

Kipindi changu kinaisha saa kumi na mbili jioni. Kila siku natoka studio, napanda bodaboda, kofia ngumu ya abiria siivai maana inanuka vichwa vya watu na inaharibu mtandio. Hivyo ndivyo ninavyorudi nyumbani Kilakala. Sikuwahi hata kulifikiria.

Leo nashuka, Bi Yustina kakaa barazani anachambua mchele. Hakunisalimu. Kasimama, kanivua mkoba begani kwa utaratibu, kauweka chini ya kiti chake, kakalia.

Bi Yustina!

Magharibi, kasema. Kichwa wazi. Bodaboda. Halafu kesho saa tisa uko redioni unawaambia watu.

Mkoba uko kwake, una simu, una funguo za ofisi, una chanuo. Abasi nilipomweleza alicheka akaanguka kwenye mkeka. Asia naye kaanguka kwa kumwiga. Nimekaa hapa naandika na kalamu ya wino mwekundu ya kusahihishia, maana kalamu yangu nayo iko mkobani. Nyani haoni kundule, wamesema wazee. Wangesema na mtangazaji.

Alhamisi, 12 Desemba

Nimemwendea bosi Brian. Nataka kipindi kianze saa nane, kiishe saa kumi. Akauliza kwa sababu gani. Nikasema mkoba wangu umetekwa. Ilinibidi nieleze utani wote tangu mwanzo, yeye kwao si huku. Akasema hii ndiyo sababu ya ajabu kuliko zote alizowahi kupewa na mfanyakazi, kwa hiyo lazima ni ya kweli.

Eva atachukua saa za jioni. Anaishi mtaa wa nyuma ya studio, anarudi kwa miguu. Nimenunua kofia ngumu yangu mwenyewe, ya kijani. Mkoba umerudi. Chanuo halikurudi — amelipenda.

Jumatatu, 16 Desemba

Mvua, mvua. Saa nne kamili Fuso imeshuka. Benedikto sasa ndiye anayewafokea wanaochelewa. Kabichi lina saa, anasema!

Ijumaa, 20 Desemba

Magari ya likizo yameanza. Usiku kucha mabasi, na magari madogo yamefungwa masanduku juu mpaka yamepinda. Jana jioni kumetokea ajali njia ya Chalinze, gari dogo na lori. Nilisoma taarifa redioni, saa nikairudia mara mbili. Ilikuwa saa ya magharibi. Abasi alikuwa sokoni Dar tangu zamani, anakunywa kahawa. Baada ya kipindi nilikaa ngazini kidogo nikashukuru Mungu, halafu nikaona vibaya kushukuru wakati wengine wanalia. Nimewaombea na wao.

Jumapili, 22 Desemba

Abasi kapanda Mgeta mchana huu. Kesho ndiyo safari kubwa ya mwaka: kabichi za Krismasi, na karoti, na njegere. Soko la alfajiri ya tarehe ishirini na nne ndilo wakulima wanalolisubiri tangu walipopanda. Likipita hilo, kabichi inabaki kabichi tu. Mzee Benedikto kakusanya mpaka vijiji vya juu kabisa, ambavyo havikuwahi kupakia kwake.

Mawingu yamefunika mlima wote. Nimeyatazama mpaka Asia akaniuliza naangalia nini.

Jumatatu, 23 Desemba

Naandika vipande vipande. Siwezi kutulia.

Saa nne: nimempigia, hapatikani. Nimesema ni mtandao.

Saa sita: kapiga yeye. Mvua imenyesha usiku kucha, vijia vimekuwa utelezi, wa vijiji vya juu hawajateremka. Magunia yao ndiyo nusu ya mzigo. Nimesema uondoke na ulicho nacho. Akasema Mama Asia, nimewaona kupitia kioo mara moja, siwezi mara ya pili. Simu ikakata.

Kipindi nimekiendesha sijui kilikuwaje. Nimepiga wimbo mmoja mara mbili. Hakuna aliyelalamika.

Saa kumi na moja niko nyumbani. Bi Yustina kaja na kiti chake, hakusema kwa nini. Nimempa chai, nikamweleza: kama kaondoka Mgeta saa kumi, atapita hapa mjini jua likizama, na akipita, ni njia ya Chalinze, magharibi, Desemba, mvua, siku mbili kabla ya Krismasi. Yote aliyoyataja Afande Jesca, kwenye safari moja. Na asipopita, mlima mzima umekosa soko. Bi Yustina akasema ufunguo alimrudishia mwenyewe, hana cha kumshikia tena.

Sijui nataka nini. Nataka apite hapa nimwone, na nataka asipite kabisa.

Saa kumi na mbili na nusu. Mwanga umekuwa ule wa rangi ya chai. Mtu wa baiskeli kapita, simwoni uso. Hivi ndivyo wanavyogongwa.

Nimesikia honi! Ile ya Fuso, mbili fupi. Inatoka barabara kuu. Nimesimama. Bi Yustina kashika mkono wangu. Nikasema anaaga, anapita, anaaga.

Hapana. Injini inakuja huku.

Fuso ya bluu imeingia mtaani kwetu, haijawahi kuingia, imekata kamba ya nguo ya jirani, imeziba njia nzima. Matope mpaka kwenye vioo. Magunia yamepanda juu kuliko paa letu, nyumba imenukia kabichi. Abasi kashuka, kachoka, miguu imelowa. Hakunitazama mimi. Kaenda moja kwa moja kwa Bi Yustina, kanyoosha mkono, ufunguo uko kiganjani.

Nishikie, mtani. Mpaka alfajiri.

Hakuna aliyempora. Katoa mwenyewe. Bi Yustina kaupokea, kaufunga kwenye pindo la kitenge, na kwa mara ya kwanza hakupata tusi la kumpa.

Adhana imelia wakati huo huo.

Sasa kaswali, kakaa mkekani, anamenya chungwa. Akiondoka alfajiri atafika soko limeshachangamka, labda limeshajaa. Labda watanunua. Labda hawatanunua. Anajua, na mimi najua. Nimefurahi mpaka naona haya, maana kuna mama huko juu aliyeteremka utelezi na gunia kichwani, na furaha yangu imekaa juu ya gunia lake.

Simu yake inaita. Imeandikwa Mzee Benedikto. Haipokei. Imekata. Inaita tena. Kaigeuza kifudifudi, inatetemeka mezani, inasogea yenyewe. Mimi siwezi kuipokea, Mzee kama yule nitamwambia nini?

Bi Yustina kainuka. Kainyakua!

Haloo! Nani? Benedikto Mluguru? Mimi ndiye yule Mnyamwezi. Ndiyo, mimi. Sikiliza, mtani, Fuso nimeiteka na kabichi zako zote, ufunguo nimeufunga kwenye nguo yangu. Ukitaka kufoka, nifokee mimi. Ukitaka kukomboa, sema unatoa nini.

Abasi kaacha chungwa. Asia kaja mlangoni. Tunaisikiliza simu wote wanne, na huko juu Mgeta Mzee anavuta pumzi ndefu, ile ya mtani anayetafuta tusi la kurudisha —